Anwani 075A

Nilitaka kujua Mario hufia wapi hasa. Usiniambie shimoni, ndugu msomaji. Shimo ni picha tu. Gemu lenyewe ni Super Mario Bros. la mwaka 1985, nalicheza kwenye emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijidai kuwa ile mashine ya zamani ya Nintendo.

Emuleta hiyo nimeiwekea karani. Kila prosesa inapogusa kumbukumbu, aandike: imegusa wapi, imesoma au imeandika nini. Maskini karani! Prosesa ile hupiga mapigo kama milioni 1.79 kwa sekunde, na karibu kila pigo ni mguso. Kumbukumbu yenyewe baiti 2,048 tu, kichumba cha uani, lakini pilikapilika zake kama stendi ya mabasi. Nikamwambia: achana na wengine wote, kaa mlango mmoja, anwani 075A. Hapo ndipo maisha ya Mario yanapohesabiwa.

Nikaruka, nikakimbia. Kimya. Nikamtosa shimoni. Karani akaandika:

Imesoma 2. Imeandika 2. Imeandika 1.

Ebo! Hiyo 2 inarudishwa ya nini? Ndiyo tabia ya prosesa za jamii ya 6502. Amri yake ya kupunguza moja, DEC, husoma namba, huirudisha ileile wakati bado inapiga hesabu, halafu ndiyo huandika mpya. Kwa pigo moja zima Mario ameshakufa, daftari linasema yuko.

Rafiki yangu anasema andiko hilo la katikati ni takataka, nilifute, emuleta iende mbio. Matokeo si yaleyale? Kwa Mario, sawa. Lakini kuna kaseti zenye chipu ya MMC1: maandishi mawili yakifuatana bila pigo kati yake, hupokea la kwanza, la pili hulipuuza. Futa hilo la kwanza uone, chipu itapokea lisilo lake na gemu laweza kukwama. Karani wangu simfutii neno.

Nikamtosa tena. Imesoma 1, imeandika 1, imeandika 0. Sifuri, na jamaa bado anaruka! Kumbe gemu huisha namba ikipita chini ya sifuri, na baiti ikipita hapo hugeuka 255, ambayo prosesa huisoma kama hasi 1.

Mara ya tatu sikuangalia hata skrini, nilimwangalia karani.

Imesoma 0. Imeandika 0. Imeandika 255.