Baa ya Mawe na Swali la Bibi

Tangu nirudi, swali ni lile lile. Mtu amekaa Sydney muhula mzima kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, ameona bahari, ameona daraja, ameona lile jumba la opera lenye mapaa kama matanga, halafu anakuja kuandika kuhusu baa? Tena mtu mwenyewe hanywi? Ndiyo, jamani, naandika kuhusu baa. Na soda niliyoinywa mle niliilipia kwa hela yangu ya posho, kwa hiyo sina deni na mtu.

Inaitwa Hero of Waterloo, yaani Shujaa wa Waterloo. Ipo Millers Point, mtaa wa zamani ulio kando ya bandari, si mbali na daraja, na kutoka katikati ya jiji unafika kwa miguu. Imekaa pale Lower Fort Street inapokutana na Windmill Street. Kwa kuwa njia zenyewe zinakutana kwa mshazari, jengo nalo limechongoka mbele kama kipande cha keki. Ni ghorofa tatu za mawe ya mchanga, na mawe hayo hayakufichwa kwa plasta.

Hilo la plasta ndilo lililonisimamisha. Sisi tuliokulia Unguja tumezoea kuta za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na kupakwa juu yake. Jiwe hulioni mpaka plasta ibanduke, na ikibanduka ujue kuna kazi. Kule wameliacha wazi. Jiji la Sydney limekaa juu ya mwamba wa mchanga uliogandamana kwa mamilioni ya miaka. Likikatwa, jiwe lake huwa na weupe wa kijivu, kisha chuma kilichomo kinapopata hewa hugeuka rangi ya asali. Ukisogea karibu unaona alama za tindo, mstari baada ya mstari, na mkono uliochonga jiwe hili si ule uliochonga lile la pembeni. Mtu fulani alisimama pale juani akagonga, akapumzika, akagonga tena.

Historia ya vitabuni ni fupi. Baa ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1840 na mwashi aliyeitwa George Paton. Shujaa wa kwenye jina ni jenerali Mwingereza Wellington, aliyemshinda Napoleon mwaka 1815 huko Waterloo, Ubelgiji. Jirani palikuwa na ngome ya askari, na chini yake gati za meli, hivyo wateja hawakukosekana: wanajeshi, mabaharia, wapakuzi wa mizigo. Hatua chache kutoka hapo ipo baa nyingine ya mawe hayo hayo, Lord Nelson, iliyopata leseni mwaka 1841. Baa za eneo lile zinagombania nani mkongwe zaidi. Mmoja anahesabu kuanzia leseni ya kwanza, mwingine kuanzia jengo, na kila mmoja ana ushahidi wake ukutani. Ukitaka kuona watu wazima wanabishana kama wako kwenye bunge la wanafunzi, waulize hilo.

Halafu kuna chumba cha chini. Hapo ndipo wageni wanapopelekwa, na hapo ndipo simu zinapotolewa mifukoni. Unaonyeshwa mdomo wa handaki ambalo, wanasema, lilikwenda mpaka bandarini. Wanasema lilipitisha pombe ya magendo. Wanasema pia kuwa mlevi aliyelegea aliweza kudondoshwa chini, akaburutwa humo, na akaamka yuko melini katikati ya bahari, baharia bila kupenda. Mimi nilisikiliza kama ninavyosikiliza hadithi za majini wa nyumba za Mji Mkongwe. Inawezekana ipo kweli ndani yake, lakini jambo moja halina ubishi: hadithi hiyo inauza.

Usiku ule nilimtumia Bibi picha na ujumbe wa sauti. Bibi yangu ni mtu wa maswali machache.

“Mjukuu wangu, hilo jumba la mawe wenyewe wapo?”

“Wapo, Bibi. Wanauza pombe.”

“Sikukuuliza wanauza nini. Waliojenga wako wapi? Na waliokuwa wakikaa hapo, wako wapi?”

Nikawa sina jibu. Nina picha arobaini za ukuta na sina jibu. Wiki zilizobaki nilizitumia kulitafuta, na ninachoandika hapa ndicho nilichokipata.

Kuna msemo wetu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Millers Point ulikwenda kinyume. Wenyeji wa upande ule wa ghuba ni watu wa Gadigal. Waingereza walitia nanga mwaka 1788 na shehena ya wafungwa, na mwaka uliofuata ndui ikazuka na kuua wenyeji wengi wa eneo la Sydney kwa miezi michache tu. Nyumba ya wageni ya mawe ilikuja nusu karne baadaye, juu ya ardhi ambayo mwenyeji hakupona.

Waliofuata ni wafungwa wenyewe. Uingereza iliacha kuwapeleka New South Wales mwaka 1840, lakini waliokwisha kufika waliendelea kutumikia vifungo vyao. Mwaka 1843, karibu na baa yetu, wafungwa wenye minyororo walianza kupasua mwamba ili barabara ipite. Njia hiyo inaitwa Argyle Cut na bado inatumika. Kazi ilisimama, ikaja kumalizwa na baraza la jiji mwaka 1859 kwa baruti. Watu wa pale husema mawe ya baa yalitoka kwenye mwamba huo na yalichongwa na wafungwa. Jina la mwashi mkuu limeandikwa. La aliyeshika tindo sikuliona popote ukutani.

Kisha wakaja wapangaji. Hawa ndio walionigusa zaidi, na nadhani Bibi aliwalenga hawa. Millers Point ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa bandari, baba anapakua mizigo, mtoto anakua anapakua mizigo. Januari 1900 tauni ikaingia kwa njia ya panya wa melini, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mwendesha mkokoteni wa bandarini aliyeishi mtaani humo. Jijini kote walikufa watu 103 katika mlipuko ule. Serikali ikatwaa ardhi ya mtaa mzima pamoja na gati zake, ikabomoa nyumba nyingi, na zilizobaki ikawa yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Baa ikasalimika. Miaka ya 1920 ujenzi wa daraja ukaondoa mamia ya nyumba nyingine. Baa ikasalimika tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa zamu ya maghorofa ya kisasa. Mpango ulikuwa kufyeka sehemu kubwa ya The Rocks, mtaa jirani, na kujenga minara ya ofisi. Waliouzuia mpango huo ni wakazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa ujenzi chini ya Jack Mundey: mafundi walikataa tu kubomoa. Fikiria fundi anakataa kibarua kwa sababu kibarua chenyewe kitamhamisha mama asiyemjua. Wanafunzi wenzangu, hawa watu walitugusa na sisi. Mwaka 1973 walisimamisha ujenzi ndani ya Chuo Kikuu cha Sydney kuwaunga mkono waliodai somo kuhusu ukombozi wa wanawake lifundishwe.

Mapambano yale yalisaidia kuzaa sheria ya urithi ya New South Wales ya mwaka 1977. Kwa sheria hiyo, mwaka 1999 Hero of Waterloo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa jimbo. Huwezi kuigusa bila kibali. Majengo mengi ya Millers Point nayo yameorodheshwa. Safi kabisa.

Sasa sikiliza. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ilitangaza kuuza nyumba zake 293 za eneo hilo. Wapangaji, wengi wao wazee, baadhi wajukuu wa wale wapakuzi wa mizigo, wakahamishwa mmoja mmoja. Walipinga, wakatundika mabango madirishani, wakaandamana. Nyumba zikauzwa kwa bei ambayo mpakuzi wa mizigo asingeipata kwa maisha matatu. Na hakuna jiwe hata moja lililovunjwa. Sheria ilifanya kazi yake barabara: ililinda kuta, na watu wakapita katikati yake wakiwa na masanduku yao.

Nililazimika kumjibu Bibi hivyo hivyo. Nilijua kwa nini aliuliza. Yeye alikaa miaka mingi kwenye vyumba viwili vya kupanga ndani ya Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba ile ilikuwa na familia tano na kisima kimoja. Leo ni hoteli. Mlango wa nakshi upo, umepakwa mafuta unang'aa, na watalii wanapiga nao picha. Bibi yupo Fuoni, na kuja mjini anapanda daladala. Hakuna aliyevunja sheria, na sitaji jina la mtu wala la hoteli kwa sababu wenye hoteli si hoja yangu.

Hoja yangu ni sisi. Kila mwaka hapa chuoni tunaandika tasnifu kuhusu milango, baraza, chokaa na nakshi. Ni kazi nzuri, na bila watu wa chokaa majumba yataanguka: Beit al-Ajaib ilituonyesha hilo Desemba 2020, na watu wawili walikufa. Lakini ukifungua tasnifu hizo utamkuta fundi seremala na utamkuta tajiri aliyeagiza mlango. Mpangaji wa chumba cha uani humuoni. Tukiulizwa nyumba ile ilikuwa ya nani, tutajibu kwa hati ya umiliki, kama Sydney walivyojibu.

Kwa hiyo nimebadilisha mada ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu alikuna kidevu, akasema data itakuwa ngumu. Ni kweli, ni ngumu, kwa sababu data yenyewe ina miaka themanini na kitu, inasahau, na mchana inalala. Naandika majina ya wote waliopanga ile nyumba ya kisima kimoja, chumba kwa chumba, na kila mmoja alihamia wapi. Mpaka sasa ninayo kumi na moja. Yule wa chumba cha juu, anasema Bibi, alikuwa fundi cherehani na alipenda redio. Jina lake halijamjia. Ijumaa nakwenda tena Fuoni.