Barua ya Mjomba kwa Mpwa Wake Dereva, Kuhusu Usingizi

Mjomba anamweleza mpwa wake kwamba barua hii inahusu jina moja ambalo watu wa pwani na wa bara hulibandika kwenye maradhi mengi yasiyofanana, nalo ni kukosa usingizi. Anayejigeuza kitandani hadi jogoo la kwanza huambiwa amekosa usingizi. Anayelala mapema akazinduka saa nane za usiku asirudie tena huambiwa vivyo hivyo. Na anayelala kwa muda wa saa nane kamili, kisha akaamka amechoka kuliko alivyolala, naye hulalamika kwa maneno yaleyale, ingawa huyu wa mwisho usingizi anao, ila haumfai kitu. Kwa dereva wa basi la Dar es Salaam na Mbeya, njia ya zaidi ya kilomita 800 yenye kona za Kitonga ndani yake, kuyatenganisha maradhi haya si anasa ya wasomi, kwa sababu kinachomponya mmoja huweza kumdhuru mwingine.

Usingizi huletwa na nguvu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni mfano wa deni: tangu mtu anapoamka, ubongo unaotumia nishati hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri saa za kuwa macho zinavyoongezeka ndivyo kemikali hiyo inavyozidi kuulemea, mpaka kope zikawa nzito, na kulala ndiko kunakolipa deni hilo. Ya pili ni saa ya mwili, yaani kundi dogo la chembe za neva lililomo ubongoni, juu kidogo ya mahali zinapopishana neva za macho, ambalo hupima nuru na giza na kuamuru homoni ya melatonini itoke jioni na ikome asubuhi. Katika Afrika Mashariki, ambako jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, saa hii haina sababu kubwa ya kuyumba, isipokuwa mtu aiyumbishe mwenyewe kwa taa au kwa kazi. Hata aliyelala mchana kutwa, uchangamfu wa mwili wake hushuka kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kisha hushuka tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Na tangu mabasi ya Tanzania yaruhusiwe tena mwaka 2023 kusafiri usiku kucha, baada ya miaka mingi ya katazo, saa hizo za hatari zimekuwa sehemu ya kazi ya mpwa.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mtu ambaye damu yake ina asilimia 0.05 ya pombe, kiwango ambacho katika nchi kadhaa kinatosha kumnyang'anya dereva leseni. Jambo hili hubebwa na hesabu nyepesi: basi lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, hivyo lepe la sekunde nne, ambalo abiria wa kiti cha mbele hawezi hata kulitambua, huliacha basi likienda karibu mita 90 bila mtu. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio hakuondoi adenosini hata chembe. Mirungi nayo huahirisha deni bila kulifuta, mbali ya kuwa ni haramu kisheria nchini Tanzania. Kinachosaidia kweli ni kumwachia usukani dereva wa pili, au kusimama mahali salama, kunywa kahawa, na kulala dakika 20, kwani kafeini huanza kufanya kazi wakati uleule wa kuamka.

Kafeini hiyohiyo inayomfaa dereva barabarani humharibia anapokuwa nyumbani. Hukaa mahali ambapo adenosini ingepaswa kukaa ubongoni, na mwili wa mtu mzima huchukua kiasi cha saa tano kuondoa nusu yake. Maana yake ni kwamba vikombe vya kahawa chungu vinywewavyo kwa kashata barazani saa moja za usiku, nusu ya nguvu yake bado imo damuni saa sita. Mjomba mwenyewe alilaumu uzee kwa miaka mingi kabla ya kulilaumu birika.

Ukosefu sugu wa usingizi, kwa maana ya kitabibu, ni kushindwa kulala, au kuzinduka na kushindwa kurudia, angalau usiku tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, mtu akiwa na nafasi ya kutosha ya kulala na mchana wake ukiharibika kwa sababu hiyo. Mara nyingi jambo lililouanzisha, kama msiba, ada ya shule au ugomvi wa urithi, limekwisha kupita, lakini mazoea yaliyozaliwa wakati ule yamebaki: kupanda kitandani mapema mno ili kuuwinda usingizi, kulala mchana kufidia, kutazama saa kila mara na kuhesabu zilizobaki. Kitanda hugeuka mahali pa mashauri. Mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alieleza mwaka 1972 tiba inayoonekana rahisi hata ikadharauliwa, nayo ni kwamba mtu apande kitandani pale tu usingizi unapomwelemea, aondoke usingizi ukikataa kuja, akae penye mwanga hafifu hadi kope ziwe nzito tena, na aamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Pamoja na kupunguza muda wa kukaa kitandani na kusahihisha hofu zinazomzunguka mgonjwa, mafunzo hayo huitwa tiba ya fikra na tabia, na mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilipendekeza yatangulizwe kabla ya dawa yoyote. Dereva, hata hivyo, asijipunguzie saa za kitandani bila msimamizi, kwa kuwa majuma ya kwanza ya tiba hiyo huongeza kusinzia mchana.

Watu wengi hawaanzi huko, huanza dukani. Piritoni, dawa ya mzio inayoleta usingizi, hununuliwa kwa bei ya soda, na uzito wake hudumu hadi asubuhi ya pili, yaani hadi kwenye usukani. Diazepamu huzoewa haraka na mwili, hudai kipimo kikubwa zaidi kila baada ya muda, na kuiacha ghafla baada ya mazoea ni hatari, hivyo anayeitumia tayari asiitupe, bali aipunguze chini ya uangalizi wa daktari. Pombe humlaza mtu upesi na kumwamsha kabla ya alfajiri, kwani mwili unapoimaliza usingizi hukatikakatika.

Vitu hivyo vitatu vina ubaya mwingine, nao unaihusu sehemu ya barua hii ambayo mjomba anaipa uzito kuliko zote. Ipo hali inayoitwa apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, ambapo nyama laini za koo hulegea hadi zikaziba njia ya hewa. Mara nyingi aliye nayo hajui kwamba anayo. Anayejua ni anayelala kando yake: husikia mkoromo unaopanda ngazi kwa ngazi, kisha kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, na kimya hicho huweza kudumu sekunde 10, 20, hata 30, halafu mlalaji hushtuka kwa mkoromo wa kukabwa, akavuta hewa kwa pupa, akajigeuza, na ngazi ikaanza upya. Pumzi zikikatika au kupungua hivyo mara tano au zaidi kwa saa, madaktari huanza kuliita tatizo, na kwa wengine hukatika zaidi ya mara 30. Kila mara oksijeni hushuka, moyo hushtuliwa, na ubongo huamshwa kwa muda mfupi mno kukumbukwa, na ndiyo sababu mtu wa aina hii husifiwa kwamba amelala kama pono ilhali usiku mzima alikuwa akizama na kuibuka. Asubuhi huamka na kinywa kikavu na kichwa kizito. Shinikizo la damu huweza kupanda na kukataa kushuka kwa vidonge. Mchana husinzia popote. Unene huchangia, na fundi cherehani anayempima mteja shingo ya inchi 17 au zaidi amempima, bila kujua, dalili ambayo daktari naye angeiuliza. Lakini wembamba si kinga, kwa kuwa umbo la taya na ukubwa wa mafindofindo nao una sehemu yake. Pombe na dawa za usingizi huzidisha kulegea kwa koo, kwa hiyo mwenye apnea anayenunua kidonge cha usingizi anajizibia pumzi kwa fedha yake mwenyewe.

Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia baadhi ya watu, na kwa hali kali iko mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisifunge, ambayo Colin Sullivan na wenzake waliieleza huko Australia mwaka 1981. Wapo madereva wanaoficha mkoromo wao kwa hofu ya kunyimwa kazi. Mjomba anaielewa hofu hiyo, ila haikubali, kwa sababu ugonjwa huu ni miongoni mwa machache ambayo mtu akitibiwa huhisi nafuu mchana katika muda mfupi.

Mambo mengine mawili yanatosha kutajwa kwa ufupi. Miguu inayowasha kwa ndani na kudai kusogezwa kila mtu anapotulia jioni huweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa mjamzito, na kipimo cha damu hutangulia dawa. Jinamizi, yaani kuzinduka akili ikiwa macho huku mwili hausogei na kifua kimekandamizwa, hutokea pale ulegevu wa usingizi wa ndoto unapochelewa kuondoka. Wapo watafiti walioieleza kwa njia hiyo hofu ya pepo aitwaye popobawa iliyoenea Pemba na Unguja mwaka 1995. Jinamizi likija mara mojamoja halina madhara, na huzidi kwa aliyechoka na anayelala chali.

Kuhusu wakati wa kwenda hospitali, mpwa asingoje miezi mitatu kwa kila jambo. Aliyesinzia kwenye usukani hata mara moja baada ya kulala vya kutosha, au anayepitiwa na usingizi ndani ya gari lililosimama kwenye foleni, aende kabla ya safari inayofuata. Aliyeambiwa kwamba pumzi yake hukatika, anayezinduka akitafuta hewa, anayevimba miguu na kushindwa kulala bila mito mitatu, au anayeamka mara nne kukojoa, asiondoke kwa daktari na dawa ya usingizi tu, kwa kuwa moyo, kisukari na tezi dume nazo huamsha watu. Na ambaye kuzinduka alfajiri kunamjia na huzuni isiyoondoka au mawazo ya kutaka kufa, huyo ni mgonjwa wa siku hiyohiyo, na hapaswi kuachwa peke yake.

Huko kwenye kituo cha afya, daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atasikia neno lilelile la kukosa usingizi na atajibu kwa kadiri alivyoambiwa. Kwa sababu hiyo barua hii imefungwa pamoja na daftari la kurasa 32, lililochorwa safu kwa rula kwa majuma mawili: saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, kahawa na saa yake, dawa yoyote iliyomezwa, na mahali popote mchana aliposinzia bila kukusudia. Baada ya hizo ipo safu ya mwisho, ya mkoromo na pumzi za usiku, pana kuliko nyingine zote, na mpwa hataijaza yeye. Imeachwa kwa mkewe.