Kuipendezesha Nyumba kwa Nje Katika Kisiwa cha Ndau

Msafiri atokaye Lamu kwenda Ndau kwa chombo hupita mlango wa Mkanda wakati wa maji kujaa, akakiacha nyuma kisiwa cha Manda, kisha hukizunguka kisiwa kikubwa cha Pate. Akisha kupita Faza na Kizingitini, ndipo huiona Ndau mbele yake, kabla ya kufika Kiwayu. Ni kisiwa kidogo cha Wabajuni, watu wa bahari na uvuvi. Kitu kisichopatikana kisiwani hakina budi kuletwa kwa chombo, na mkebe wa rangi ni mmojawapo. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Ndau atakaye kuipendezesha nyumba yake kwa nje hawezi kufuata shauri lile lile apewalo mtu wa Mombasa, ambaye duka liko mlangoni pake na maji yako bombani.

Lakini asidhani mtu kwamba kazi yenyewe ni ngeni huko. Wavuvi wa visiwa hivyo tangu zamani hukipandisha chombo pwani, wakakikwangua, wakakipaka deheni chini, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, na ubao wa juu wakaupaka sifa ya papa. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Wajua kwamba chombo kisichopakwa huliwa na maji. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye hathubutu kuliacha jahazi lake bila deheni, aweza kuuacha ukuta wa nyumba yake miaka mingi hata udongo ukadondoka na fito zikaonekana kama mbavu za punda mgonjwa. Ukuta nao huliwa, na mvua, jua na chumvi.

Wako wazee wasemao kwamba kuipamba nyumba kwa nje si desturi ya Waswahili, na neno lao lina msingi. Katika mji wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kuta za mawe za nyumba za kale zilizotazama njiani zilikuwa tupu. Mapambo yalikuwa ndani, kwenye zidaka na lipu iliyochongwa. Nje, heshima ya nyumba ilionekana katika mlango, na katika daka lenye baraza ambapo mgeni hukaribishwa kabla hajaingia. Basi nyumba ya Ndau haihitaji rangi saba. Ukuta mweupe usio na nyufa, baraza iliyofagiwa na mmea mmoja au miwili yenye harufu nzuri vyatosha, wala jirani hatasema kwamba mwenyewe anajionyesha.

Kwa ukuta huo chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Ukuta wa udongo, au wa mawe ya matumbawe, hunywa unyevu kutoka chini, na unyevu huo hubeba chumvi. Rangi ya mafuta huuziba. Maji yakikosa njia ya kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya rangi ikaisukuma, na baada ya muda rangi yote hubanduka kama magamba ya samaki. Saruji ikipigwa juu ya ukuta wa namna hiyo huleta madhara kama hayo, tena hubanduka kwa vipande vikubwa zaidi. Chokaa huuacha ukuta upumue. Ikisha kupakwa huvuta hewa ya ukaa, ikageuka polepole kuwa jiwe tena, kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa.

Kwanza nyufa zizibwe kwa udongo uliochanganywa na mchanga, na ukuta uachwe ukauke. Chokaa iliyochomwa humwagwa kidogo kidogo ndani ya maji, wala maji yasimwagwe juu yake, kwa kuwa huchemka na kuruka, na tone moja likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu. Watoto wawe mbali, na maji safi mengi yawe tayari ya kuoshea. Chokaa ikilala majini majuma kadhaa huwa laini zaidi. Kisha huchujwa kwa kitambaa na kuzimuliwa iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hurashiwa maji kabla ya kupakwa, na kazi hufanywa asubuhi mapema au jioni, maana jua kali likiikausha upesi hugeuka unga unaoshika nguo ya kila anayeegemea. Mipako mitatu au minne myembamba hudumu kuliko mmoja mzito. Buluu ya kufulia, kidogo tu, huongeza weupe, na ngeu ikichanganywa na chokaa hufaa kwa mkanda wa chini ya ukuta, ambako matone ya mvua hurusha matope.

Chokaa nayo ina gharama isiyoandikwa dukani. Huchomwa kwa kuni nyingi, na visiwani kuni hizo mara nyingi zilikuwa mikoko, ambayo ndiyo malezi ya samaki na kamba. Mawe yachimbwe nchi kavu, kama yale ya Manda, wala si kung'olewa matumbawe hai baharini. Upande wa kaskazini, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979 ili kuyalinda matumbawe hayo pamoja na viumbe vyake, na mvuvi ndiye wa kwanza kupata hasara yakiharibika.

Habari ya mimea ni ngumu zaidi, kwa kuwa katika visiwa hivi maji matamu ni ya kuhesabu, na watu hutegemea sana mvua inayokusanywa katika majabia. Hapana ua linalostahili maji ya kunywa ya mtoto. Mimea ya kuchagua ni ile inayovumilia chumvi na kiu: bogenvilia, mhina, mshubiri, na mkadi panapo mchanga. Asumini yataka kutunzwa zaidi. Mche mmoja karibu na daka watosha, ukinyweshwa maji yaliyooshea mchele na mboga. Ipandwe masika yakianza, upande ambao ukuta huikinga na kusi. Mwarobaini una kivuli kizuri, lakini uwe mbali na jabia, kwa sababu mizizi yake hupasua sakafu na majani yake huchafua maji, na ndege hutua juu yake.

Chungu kilichozikwa karibu na shina, kikajazwa maji na kufunikwa, hunywesha mmea kwa siku nyingi. Kifuniko ni lazima. Mwaka 2004, wakati wa ukame, homa ya chikungunya iliuenea mji wa Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu 3 katika kila 4 walikuwa wameambukizwa. Mbu wake huzaliana katika maji yaliyowekwa majumbani. Kopo la maua lenye maji chini yake hapo barazani huwalea mbu hao vile vile, basi litobolewe au liinuliwe juu ya mawe.

Na kabla ya kupanda cho chote, ujengwe uzio wa makuti au miiba kuuzunguka kila mche, maana mbuzi wa kijijini hawangoji asumini itoe ua.