Mizinga Isiyofika

Wazee wa Keya (King's African Rifles) walirudi kutoka Burma na masimulizi yao: mvua isiyokatika, ruba, malaria, Wajapani waliojificha msituni. Ukiwasikiliza, ungedhani kila aliyeondoka bandari ya Kilindini alifika vitani. Wengi wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki hawakufika.

Februari 1944 walipandishwa meli Khedive Ismail, pamoja na wauguzi na mabaharia, safari ya Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kabla dakika mbili hazijatimia. Kati ya watu zaidi ya 1,500, walikufa 1,297. Kijana aliyefunzwa kupima masafa na kuelekeza mtutu hakupata hata nafasi ya kujua adui yuko upande gani.

Kilichofuata hunikosesha usingizi kuliko topido yenyewe. Nyambizi ilijificha chini ya walewale waliokuwa wakielea. Nahodha wa Petard, manowari iliyosindikiza msafara, alikuwa na meli nyingine za kulinda; akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe, na waliokuwa wakingoja kuokolewa wakauawa na mwokozi. Hatimaye nyambizi ilizamishwa. Nimejaribu kumhukumu nahodha yule, nikashindwa. Nimejaribu pia kumsamehe kwa niaba ya marehemu, nikaona sina mamlaka hayo.

Tukikumbuka vita huuliza: walishinda wapi, walimpiga nani? Kwa kipimo hicho vijana hawa wanatoka mikono mitupu, na mimi nasema kipimo ndicho kibovu. Utumishi wao ulianza siku walipoaga nyumbani, tena kwa ajili ya vita vya mfalme wa mbali ambavyo hawakushauriwa.

Katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi, sanamu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ina maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba ukifa, watoto wako watakumbuka jina lako. Majina yenyewe hayapo. Wa 301 angalau wana mnara wenye majina, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Ukienda, fuatana na mzee anayejua koo. Huenda akalitambua jina moja, akakwambia ni la nyumba gani na mama yake alimngoja mpaka lini.