Uyoga wa Mrihini

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi, akishavuka daraja la Kilifi na kuipita Matsangoni, huona mkono wake wa kushoto ukuta wa miti usiokatika kwa mwendo mrefu. Wengi wetu tumeupita ukuta huo mara nyingi, tukienda harusini, tukienda matangani, tukienda maulidini, wala hatujashuka garini hata siku moja. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 420, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia Afrika Mashariki vya msitu mkavu wa asili wa pwani. Wageni hutoka ng'ambo kuja kumtafuta bundi wake mdogo. Sisi hatukufuata ndege. Tulikwenda wakati mvua za mwaka zimekwisha kushika, na ardhi imekwisha kushiba, ili tupige picha uyoga.

Fikira hiyo ilikuwa ya binti yetu mdogo, anayesoma elimu ya viumbe katika shule ya upili. Mama yake aliiunga mkono, dada yetu mkubwa akasema hatabaki nyumbani, na kwa hivyo tukafika kituo cha msitu pale Gede asubuhi na mapema, tukalipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha mpakani mwa msitu, mpole, mwenye macho ya kuona kitu kidogo kuliko ukucha.

Msitu huu hauna sura moja. Iko sehemu yenye miti mchanganyiko, ambamo mbambakofi humea. Iko ya mfunda, penye udongo mwekundu na vichaka vya kukwaruza nguo. Na iko ya mrihi. Mrihi hupenda mchanga mweupe, mchanga maskini, ambao mkulima akiuona hageuzi jembe mara mbili. Hapo ndipo uyoga ulipo kwa wingi, na sababu yake inastahili kuelezwa. Uyoga tunaouona juu ya ardhi ni tunda tu. Mwili wenyewe umo chini, nao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa mchangani. Nyuzi za aina fulani za uyoga huivika mizizi ya mrihi kama soksi. Huuletea mti maji na madini ambayo mizizi peke yake isingeyafikia, na mti nao huzilipa nyuzi hizo kwa sukari inayotengenezwa na majani. Basi mti mkubwa uliosimama juu ya mchanga usio na kitu una mshirika wake asiyeonekana. Anayekwenda kuukata mrihi kwa ajili ya makaa huvunja ubia ambao hakuujua.

Saa ya kwanza hatukuona kitu. Jicho la mjini halijui kutazama chini. Kisha kijana akachuchumaa kando ya kijiti kilichooza, akatuita kwa kidole. Palikuwa na vikombe vidogo vya rangi ya udongo, kila kimoja mfano wa kiota cha ndege, upana wake haufiki sentimita moja, na ndani yake mna mayai madogo ya kijivu, bapa, yanayong'aa. Dada yetu aliapa kuwa kuna mdudu ametaga. Hakuna mdudu. Uyoga huo hungoja mvua. Tone likianguka ndani ya kikombe, mayai hurushwa nje, huenda hata mita moja, na baadhi ya aina huwa na uzi wenye gundi unaojizungushia kwenye jani au kijiti. Ndani ya kila yai mna vumbi la mbegu. Tulikaa hapo nusu saa nzima, na mabuibui ya akina mama yaliingia tope mpaka magotini, wala hakuna aliyelalamika.

Mbele kidogo tulikuta uyoga wa nyota. Huanza kama kitunguu kidogo kilichozama ardhini. Gamba lake la nje likipasuka hukunjuka pande zote, likawa nyota, na katikati hubaki kifuko chenye tundu. Binti yetu alidondosha matone ya maji kutoka kwenye chupa, na kila tone lilipogonga kifuko, moshi wa rangi ya kahawia ulipuliza juu. Moshi huo ni mbegu. Picha ya moshi ule tuliipiga mara kumi na saba ndipo tukaipata.

Kwa wazazi watakaotaka kuwapeleka watoto, upigaji picha huu hauhitaji kamera ya bei kubwa. Simu ya kawaida inatosha, ila mtu akubali kulala kifudifudi, kwa maana uyoga ukipigwa kutoka juu huonekana kama kifungo cha shati. Simu na ilazwe juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchanga ili isitikisike. Taa ya simu haifai, humeza rangi. Tuliona kuwa kofia nyeupe ya vito, ikishikwa upande wa kivuli, hurudisha nuru laini kabisa. Kofia yetu ilifanya kazi hiyo siku nzima. Na badala ya kuung'oa uyoga ili kuona chini yake, tulitia kioo kidogo cha mkobani, tukapiga picha ya kile kilichomo kiooni.

Huenda akatokea wa kuuliza kuhusu hukumu ya picha. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za vyenye roho, na hatukusudii kulifungua jambo hilo hapa. Lakini imepokewa kwa Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, kwamba alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Wataalamu wa leo wanasema uyoga si mmea wala si mnyama, bali ni ufalme wa peke yake. Roho hata hivyo hauna, na dada yetu alitangulia kutoa fatwa hiyo kabla yetu.

Jambo zito lilitokea karibu na adhuhuri. Chini ya mrihi mmoja ulikuwepo uyoga mweupe, safi, mkubwa kama sahani ya chai, tena mwingi. Dada yetu alianza kukunjua kanga yake aufunge. Binti mkubwa akaupiga picha kwa programu ya simu inayotambua viumbe, nayo ikajibu kuwa unaliwa. Akaupiga tena kwa upande, ikatoa jina jingine. Kijana akatikisa kichwa tu, akasema kwao hawaugusi.

Tuliutazama kwa kioo. Kurasa zake za chini zilikuwa nyeupe, na shinani palikuwa na pete. Kilichofukiwa mchangani hakionekani pichani. Hilo ndilo tatizo, kwani katika jamii ya Amanita wamo wauaji wanaotambulikana kwa kifuko kilicho chini kabisa ya shina, ndani ya udongo. Sumu yao haiondoki kwa kupikwa. Mlaji hahisi kitu kwa saa sita, na pengine zaidi ya kumi; kisha hutapika na kuhara, halafu hupata nafuu, watu wa nyumbani wakashukuru, na kumbe ini linaharibika. Mwenye kula uyoga wa porini akaanza kutapika apelekwe hospitali mara moja, na kilichobaki chunguni kipelekwe pamoja naye.

Na hapa liko neno linalotuhusu sisi tuliosomea chuoni. Katika Sahihi mbili imepokewa kwamba kam'a ni katika manna, na maji yake ni tiba ya jicho. Baadhi yetu hulitafsiri neno hilo kwa "uyoga", na msikilizaji akaondoka msikitini akidhani kila kinachochipuka baada ya mvua kimebarikiwa. Kam'a ni tunda la mviringo linalokaa chini ya mchanga wa jangwani, ambalo watu wa Ghuba hulitafuta hadi leo mvua zikinyesha vizuri, na huliita faga. Ule wa mrihini sio huo. Akina mama wasiukamulie macho ya watoto, na mwalimu anayeifundisha hadithi hii na aseme wazi ni kitu gani.

Dada yetu aliikunja kanga yake. Tuliswali adhuhuri Gede, na jioni tukazihesabu picha, zikawa zaidi ya mia mbili, zenye kufaa thelathini na moja. Hizo zimechapishwa, na zimebandikwa ukutani katika darasa la wasichana la madrasa yetu. Chini ya kila picha pana mstari wa jina. Ishirini na sita bado ni mitupu. Mwenye bibi anayejua majina hayo, kwa Kigiriama, Kichonyi, Kidigo au Kiswahili cha zamani, tunamwomba amlete Jumamosi yoyote baada ya alasiri.