Upana wa Kiganja

Kule Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, kisu hakikununuliwa, kiliagizwa. Ulikwenda kwa mhunzi, ukaketi juu ya gogo, na kabla hamjafika kwenye bei alitaka kujua utakifanyia kazi gani. Mkata majani ya ng'ombe alitengenezewa umbo lake, mchinjaji lake, mchonga mizinga ya nyuki lake. Mtoto wa kuchunga mbuzi naye alikuwa na lake, na ndicho kisu changu cha kwanza.

Mama yangu alitoka katika ukoo wa Washana, wahunzi wa Ugweno tangu zama ambazo hakuna aliyezihesabu. Wazee wao walichekecha mchanga mweusi wa vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakapata chuma kilichofika hadi Uchagani kugeuzwa mikuki na majembe. Nilipozaliwa tanuri hizo zilikuwa zimezimika zamani. Chuma cha meli kutoka Ulaya kilikuwa rahisi kuliko jasho la kuchekecha mchanga. Ufuaji, hata hivyo, ulibaki, na mjomba wangu alifua kutoka kwenye springi za Land Rover. Aliziamini springi kuliko chuma kingine chochote kilicholetwa kwake, na alikuwa na haki. Chuma cha springi kina kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi cha kukifanya kiwe kigumu baada ya kupashwa na kupozwa ghafla. Nondo ya kujengea haina kaboni hiyo. Ukiifua iwe kisu utapata kitu chenye sura ya kisu, lakini makali yake yatalala siku ya kwanza.

Kabla ya kuwasha moto, mjomba aliniambia ninyooshe mkono. Akaukunja mkono wangu kwenye kipande cha mti, akaweka alama ya mkaa pale vidole vilipoishia, kisha akapima kiganja kwa kijiti. Urefu wa bapa ukawa sawa na upana wa kiganja changu, na nyongeza kidogo kwa sababu, alisema, mpwa wake angekua. Sikumwelewa. Nilitaka kirefu, kama sime za Wamasai waliokuwa wakipita mnadani na ala zao nyekundu.

Kazi iliyonishika hasa ilikuwa ile ya mwisho. Kisu kikishafuliwa na kusawazishwa kwa tupa, alikipasha mpaka kikawa chekundu, akakichovya kwenye debe la oili chafu ya gari. Moshi ukajaa kibandani. Akapitisha tupa kwenye makali, nayo ikateleza bila kung'ata, ishara kwamba chuma kimekaza. Wakati huo kisu ni kigumu kama kioo, na kama kioo kikianguka kwenye jiwe huvunjika. Kwa hiyo alikisugua upande mmoja kikang'aa, akakirudisha juu ya makaa yaliyopoa kidogo, akakitazama bila kupepesa. Rangi zilianza kutembea juu ya chuma: manjano hafifu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kwa kisu alikiondoa manjano ilipofika kwenye makali. Kwa shoka alingoja kahawia ipite. Bluu ni ya springi. Sekunde chache za uzembe huharibu kazi ya asubuhi nzima, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha wakati huo, hata mama.

Mpini aliuchoma. Mkia wa kisu, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, aliupasha ukawa mwekundu, akausukuma ndani ya mti wa mzeituni mwitu uliotobolewa tundu dogo. Mti ukafuka, chuma kikajitengenezea nyumba yake humo, na hakikutoka tena. Ala ilikuwa ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa ingali mbichi, ikakaukia juu ya kisu chenyewe mpaka ikakishika bila kifungo.

Kwa kisu hicho nilikata fimbo, nilichuna gome la kufungia, nilichonga vigingi, nilimenya miwa, nilitoa miiba kwenye kwato za mbuzi. Kilikuwa chembamba, kwa hiyo kilipita ndani ya mti laini bila kulazimishwa. Kwa kazi ya kukata matawi kulikuwa na panga, lile lenye chapa ya mamba la Martindale wa Birmingham ambalo baba alilinunua, na baadaye mapanga ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo. Hapo pana jambo ambalo wanaojifunza maisha ya porini kutoka vitabu vya ugenini hulipita haraka. Sisi tuna panga. Kwa hiyo kisu chetu hakihitaji kuwa kizito, wala kupigwa rungu kupasua kuni.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, si kwa siku moja. Kwanza vilikuja visu vya dukani vya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho si kibaya chenyewe. Harry Brearley wa Sheffield alikitambua mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, na kromiumu yake, kuanzia kama asilimia 10.5, ndiyo inayozuia kutu. Kwa mvuvi wa Tanga anayeshinda kwenye maji ya chumvi, au mama anayekata ndimu na maembe kutwa, ni neema. Lakini vile vilivyotufikia milimani vilikuwa vya bati tu linalong'aa, na tulivipenda kwa sababu vinang'aa. Mtu alikwenda dukani, akachagua kwa macho, akalipa, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza kazi. Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu, maana swali lile lilikuwa nusu ya kisu.

Halafu zikaja video. Filamu ya kwanza ya Rambo ilitoka mwaka 1982, na kwenye mabanda ya video ya Moshi na Arusha iliendelea kuonyeshwa miaka mingi baadaye. Vijana wote wakataka kisu cha meno mgongoni, chenye mpini wa bomba ulio mtupu ndani wa kutia kiberiti na ndoana. Vya kuiga vilijaa masokoni. Mpini wa bomba unaungana na bapa kwa kishikizo kifupi, na hapo ndipo vinapokatikia, tena wakati mtu ameegemea kwa nguvu zote. Meno yale ya mgongoni hayakati mti. Yanang'ang'ania na kuchana. Na kisu chenye meno mgongoni kinakunyima mahali pa kuweka dole gumba unapochonga.

Mimi nilisomea misitu Olmotonyi, karibu na Arusha, na miaka ya 1990 nikafanya kazi Amani, katika Usambara Mashariki. Msitu ule hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nguo hazikauki, karatasi za kukaushia majani huota ukungu, na chuma kisichopakwa mafuta huamka na kutu. Serikali ya Ufini ilikuwa ikifadhili mradi wa kuhifadhi misitu ile, kazi iliyozaa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Kisu kilikuwa mkononi mwetu siku nzima. Mti mrefu majani yake huyafikii, kwa hiyo unachanja gome kidogo, unatazama rangi ya ndani, unanusa, unasubiri utomvu. Mvule hutoa utomvu mweupe. Mtambara, wa jamii ya kungumanga, hutoa mwekundu. Chanjo iwe ndogo na safi ili mti upone. Kisu butu huutafuna mti na kuuacha na kidonda.

Siku moja tukiwa kwenye mapumziko, mtaalamu mmoja wa misitu kutoka Ufini alichomoa kisu chake kumenyea papai. Nilikiomba nikitazame. Bapa: upana wa kiganja. Unene: kama milimita 3, mgongo ulionyooka, bila kikingio cha vidole. Mkia mwembamba uliozama ndani ya mpini wa mti wa betula. Ala ya ngozi iliyomeza kisu pamoja na nusu ya mpini, ikakishika kwa mbano wake yenyewe. Aliniambia kwao kinaitwa puukko, na kwamba alipewa na babu yake akiwa mtoto, kwa ajili ya kuchonga na kusafisha samaki. Nikatoa changu, kile cha mjomba, ambacho kwa kunolewa kilikuwa kimepungua karibu robo ya upana. Tukaviweka pamoja juu ya gunia. Tulikaa navyo muda mrefu, yeye akigeuzageuza cha kwangu, mimi cha kwake, na sikumbuki kama tulisema mengi.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye makali. Mjomba alifanya bapa lililobinuka kidogo mpaka kwenye ncha ya makali, kama tunavyonoa panga. Cha Mfini kilikuwa na mteremko mmoja mpana kila upande, ulionyooka kutoka katikati ya bapa hadi makalini. Unaulaza mteremko wote juu ya jiwe, na pembe inajipata yenyewe; mkono wa mwanafunzi hauna haja ya kukisia. Baadaye niligundua kwamba visu vya mji wa Mora, Uswidi, vinafuata mtindo huohuo, na kwamba Mors Kochanski, Mkanada aliyefundisha maisha ya porini huko Alberta, naye alishauri bapa la karibu upana wa kiganja. Watu wa baridi na watu wa ikweta walifika pale pale kwa sababu mkono wa binadamu ni uleule, na kazi ndogo za porini, kuchonga, kuchuna, kukata kamba, kufungua samaki, ni zilezile.

Sasa nimestaafu, naishi karibu na Muheza, na vijana wa mijini wameanza kupenda kupiga kambi. Wanapanda Hanang, wanakwenda Uluguru, wanalala Lushoto. Jambo hili linanifurahisha sana. Wengi wao hawakuwahi kumiliki kisu utotoni. Sisi tulipewa tukiwa na umri wa kuchunga. Mtoto wa leo yuko darasani, ambako kisu kimekatazwa, na ni sawa kikatazwe. Matokeo yake mtu anakishika kisu chake cha kwanza akiwa na miaka 30, na anakichagua kwenye simu kwa picha. Wananitumia picha hizo. Nyingi ni za vipande vya chuma vinene, vyeusi, virefu kama mkono wa mtoto.

Binti wa dada yangu alinipigia mwaka uliopita. Alisema, “Shikamoo mjomba, nataka kisu cha porini, ninunue kipi?” Nikamuuliza anakwenda kufanya nini huko. Akacheka kidogo, akafikiri, akaanza kutaja: kupika, kukata kamba ya hema, kuchonga vigingi, labda kuwasha moto panaporuhusiwa. Basi kazi hizo zote zinatoshwa na bapa la sentimita 9 au 10. Nikamwambia akishike kisu mpini ukiwa umelowa maji, akibane kwa nguvu, asikie kama kuna kona inayomchoma kiganjani, maana kona hiyo baada ya saa moja ya kuchonga itakuwa lengelenge. Akiinamishe kichwa chini kikiwa ndani ya ala na kukitikisa; kikitoka, hicho si cha kutembea nacho milimani. Cha kukunja ni chepesi na kinaingia mfukoni, ila kiwe na kufuli, kwa sababu kisu kikijifunga kinafunga juu ya vidole. Ningekuwa mimi, cha kwanza kingekuwa kisichokunja.

Na pesa asizimalize kwenye kisu, abakize za jiwe. Hili nililisisitiza mpaka akachoka. Mjini wapo wanoaji wa baiskeli, wanaozungusha jiwe kwa pedeli, na wengi ni mafundi kweli. Lakini siku hizi wapo pia wa mashine ya umeme, na ile mashine mkononi mwa mwenye haraka hutoa cheche nyingi na kuacha ukingo wa bluu. Bluu ile ni rangi ileile aliyoikimbia mjomba. Ugumu wa makali umekwisha kuungua, na kitakachourudisha ni kukisaga kisu mpaka kupita sehemu iliyoharibika. Jiwe la maji, bakuli, na nusu saa ya utulivu vinatosha. Mteremko ulale juu ya jiwe, usukume, ugeuze, mpaka uhisi kijiuzi cha chuma upande wa pili kwa ncha ya kidole. Kisha malizia kwa kukipitisha juu ya mkanda wa ngozi.

Akanunua cha Mora, cha chuma cha kaboni, chenye mpini mwekundu wa mti. Bei yake ilimshangaza kwa udogo. Miezi michache baadaye alinitumia picha akiwa Uluguru, na ujumbe wa wasiwasi: kisu kimeanza kuwa na madoa ya kijivu na bluu, hasa baada ya kukatia maembe mabichi na ndimu, je, kimeharibika? Nikamjibu hapana. Ukungu huo wa kijivu ni ngozi ambayo chuma kinajivalisha, na unazuia kutu nyekundu isianze kula. Asiusugue. Akikaushe kila baada ya kazi, akipake mafuta ya nazi kabla ya kulala, na akiona doa jekundu, hilo ndilo aliondoe siku hiyohiyo.