Tyubu za Ami

Binti wa kaka yangu amezaliwa Mombasa, amesomea Mombasa, na sasa yuko chuo kikuu. Idd iliyopita nilimwambia twende Bamburi tukaoge baharini. Akaniuliza, “Shangazi, kiingilio ni pesa ngapi?” Nilidhani anauliza habari za kuegesha gari. La, alikuwa akiulizia bahari. Kwake yeye bahari iko nyuma ya geti la hoteli: mtu hutoa kitambulisho, hulipa, hufungwa utepe mkononi, kisha huogelea bwawani huku bahari yenyewe akiitazama kutoka kivulini. Kuogelea baharini hajui, wala wenzake wengi hawajui. Kwa hiyo haya namwandikia yeye na wa rika lake.

Sisi tuliolelewa upande wa Kisauni tulishuka pwani kwa miguu. Vijia vilikuwa vingi, vikipita katikati ya minazi, na hakuna aliyekuuliza unakwenda wapi. Watoto wa kisiwani walivuka Nyali kwanza, juu ya lile daraja lililokuwa likielea, na baadaye juu ya hili la zege. Miaka nimeihakikisha: la kuelea lilifunguliwa 1931, la zege 1980. Lakini kumbukumbu zangu hazifuati kalenda. Akilini mwangu madaraja yote mawili yapo kwa pamoja, na basi lililojaa watoto wa Idd linavuka, likinukia udi, halua na nguo mpya.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, huko Bamburi, ambao watu wa Mombasa wanauita Pirates, ulikuwa na mivinje mirefu, na chini ya mmojawapo alikaa mzee tuliyemwita Ami. Kazi yake ilikuwa kukodisha tyubu za matairi ya lori. Alizipanga kwa ukubwa, kubwa chini, ndogo juu, na kila moja aliiandika nambari kwa rangi nyeupe. Ukichukua tyubu uliacha viatu rehani. Ndiyo maana nyuma yake palikuwa na safu ya champali za watoto wa Mombasa nzima: wa Majengo, wa Kongowea, wa Changamwe, Waswahili, Wahindi, Wamijikenda, watoto wa bara waliokuja likizo. Hakuwahi kumpa mtu viatu visivyo vyake.

Harufu ya mahali pale sijakutana nayo kwingine: mpira uliokaa juani, solusheni, mafuta ya nazi vichwani mwetu, na mihogo iliyokuwa ikikaangwa kando. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, Ami alizamisha kila tyubu ndani ya karai la maji akitafuta mapovu. Alipoliona tundu alilikausha, akalisugua kwa kipande cha tupa, akapaka solusheni, akangoja, ndipo akabandika kiraka na kukigonga kwa rungu dogo. Hakuharakishwa. Vali aliifunga kwa kitambaa, kwa kuwa chuma kile humchana mtoto mbavu. Watoto wasio na pesa aliwapa pampu; ukijaza tyubu mbili, ya tatu ni yako ya kuogelea. Wengi wetu tulianzia kwenye pampu.

Mzee huyo hakuwa na cheo chochote, lakini alikuwa mlinzi wetu. Aliijua bahari ya Bamburi kwa saa zake. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanapotoka, maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta mlango wa kutokea. Mtoto aliye juu ya tyubu huenda nayo huku akidhani anaelea pale pale. Ami aliyatazama maji, si saa ya mkononi. Yalipoanza kugeuka alisimama, akapuliza firimbi, na kila tyubu ikarudi pwani, iwe muda wako umekwisha au haujaisha. Aliyebisha alinyimwa tyubu hadi Idd nyingine. Wazazi walimwacha awakemee watoto wao, na walimshukuru.

Kuogelea alitufunza kwa hatua. Kwanza ulalie maji chali, masikio yote mawili ndani, utazame mbingu mpaka hofu ikuishe. Pili ushike tyubu kwa mikono na upige miguu. Tatu aisukume tyubu mbali kidogo, uifuate. Sisi wasichana tulifunzwa na bimkubwa wake, yule aliyekuwa akiuza mihogo na pilipili ya ndimu. Aliingia majini alfajiri, amevaa dera na kujifunga leso kifuani kwa fundo lisilofunguka, akatupanga mstari kwenye maji ya kiunoni. Mama zetu walikaa juu ya mikeka wakitutazama. Haikuwa ajabu msichana wa Kiislamu kujua kuogelea. Ajabu ilikuwa mtoto wa pwani kutojua.

Maji yakipwa, mchezo ulihamia mchangani. Bamburi mchanga unaoachwa na maji huwa mgumu na tambarare, na juu yake tulitazama mpira ambao baadhi ya wachezaji wake, nasema kwa moyo wote, wangestahili uwanja mkubwa. Magoli yalikuwa vifuu viwili vya nazi. Refa alikuwa bahari: yakirudi maji, mechi imekwisha. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yalikuwa maangavu na watu walishinda kutwa. Msimu wa kusi mwani uliletwa pwani mafungu kwa mafungu, mawimbi yakachafuka, na Ami akazipeleka tyubu nyumbani akazikunja.

Hoteli zilikuwepo, msidhani nasimulia zama za kabla ya watalii. Nyali Beach ilifunguliwa 1946, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wageni walilala kwenye viti vyao, nasi tulipita mbele yao na tyubu zetu, na bahari ilitutosha sote. Mwaka 1986 ikaja hifadhi ya bahari ya Mombasa. Samaki wakapata nafuu, na mashua za sakafu ya kioo zikapata kazi. Hilo lilikuwa jema.

Kisha miaka ikakimbia. Wakaja ngamia, wapiga picha, maboya ya plastiki, pikipiki za majini zikikata katikati ya watoto. Miaka mibaya ya utalii ilipita, kila mtu wa Pwani anaijua, na waliokosa kazi hotelini wakaja kutafuta riziki ufuoni. Siwalaumu. Viwanja vya mbele ya bahari vikauzwa, vikauzwa tena, na kila ukuta mpya ulimeza kijia. Ami akafa, bimkubwa wake akamfuata, tyubu sijui zilikwenda wapi. Bustani ya Mama Ngina ikatengenezwa upya 2019, ikapendeza kwa matembezi. Lakini matembezi si kuoga baharini.

Kinachoniudhi si hoteli kuwepo. Kinachoniudhi ni vile tulivyokubali. Kijia kilichotumiwa na mabibi zetu kinafungwa kwa mabati usiku mmoja, asubuhi tunazunguka ukuta na kwenda zetu. Mlinzi, kijana wa kwetu, anamfukuza mtoto mchangani kwa sababu mgeni amelala karibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Haisemi ya wenye utepe mkononi. Mchanga ule ni wa mpwa wangu kama ulivyo wa raia yeyote.

Nao mchanga usiofikika haufai kitu, na bahari isiyojulikana huua. Kila sikukuu tunasikia kijana amezama, mara nyingi akiwa karibu na watu wazima ambao wenyewe hawajui kuogelea.

Kaunti ya Mombasa iviorodheshe vijia vya kwenda baharini, ivipime, iviwekee vibao na ivifungue. Shule zilizo karibu na bahari zifunze kuogelea kama zinavyofunza hesabu, wavulana na wasichana, kila mmoja kwa stara yake. Na wewe msomaji unayejua kuogelea, usingoje kaunti. Jumamosi hii tazama maji yanajaa saa ngapi, chukua mtoto mmoja wa jirani, umfunze kulalia maji chali.